Huduma ya kuwapokea vijana wanaotoka maadilisho, Mwanza: tathmini ya shangazi mmoja

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi na walezi wa Mwanza wenye mtoto aliyeko mahabusu ya watoto au katika shule ya maadilisho (mahakama huwapeleka huko watoto waliotenda makosa), ambao siku ya kumpokea inakaribia na hawajui waanzie wapi. Huduma ninayoieleza hutolewa na kituo kidogo chenye karakana ya useremala, upande wa Mabatini, kwa kushirikiana na maafisa ustawi wa jamii. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu kukitaja ni kumnyooshea kidole kila kijana anayeonekana akiingia mlangoni pake.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka 15 alipokamatwa pamoja na vijana waliomzidi umri, kwa wizi wa injini ya mtumbwi. Wakati huo alikuwa ameshaacha shule na kutwa alishinda Mwaloni, Kirumba, akibeba magunia ya dagaa. Kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo cha gerezani, Mahakama ya Watoto iliamuru apelekwe Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Kutoka kwetu hadi Mbeya ni kuivuka nchi kutoka kaskazini hadi kusini, na nauli ya kwenda na kurudi haikuwa kitu cha kupatikana kila mwezi, hivyo kaka yangu alimwona mara moja tu katika muda wote huo. Aliondoka na sauti ya mtoto. Aliporudi sauti ilikuwa nzito, na mdogo wake wa mwisho hakumtambua.

Jambo la kwanza ninalokisifia kituo hiki ni kwamba kilianza kazi kwetu kabla hakijaanza kwake. Miezi mitatu kabla ya kutoka kwake, mshauri wa kituo alifika nyumbani, akakaa mkekani, akauliza maswali ambayo sikuyategemea: atalala wapi, nani huwa nyumbani mchana, nani anayeshika hela ya matumizi, na nani katika nyumba hii hapendi arudi. Swali la mwisho lilitunyamazisha sote. Hatimaye wifi yangu akasema waziwazi kwamba anahofia usalama wa watoto wake wadogo, na kwamba amechoka kusemwa bombani na majirani. Nilidhani atakemewa. Mshauri aliandika maneno yake kama alivyoyatamka, akamshukuru, kisha akarudi mara mbili kwa ajili ya hofu hiyo peke yake. Mara ya pili alikuja na mwenyekiti wa mtaa, ili majirani nao wasikie kwamba mtoto anarudi kwa utaratibu na kwamba kuna watu watakaomfuatilia. Kama wangetuletea kijana siku moja na kutuachia barua mkononi, nina hakika nyumba yetu isingemweka hata mwezi mmoja.

Mshauri alitutahadharisha pia juu ya mambo madogo ambayo tungeyaona. Kijana aliyezoea siku yake kupangwa na kengele, alisema, haachi mazoea hayo getini. Ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya kwanza aliamka kabla ya adhana, akakunja blanketi pembe kwa pembe, akasimama kando ya kitanda akisubiri, hadi kaka yangu alipomwambia, "Baba, kaa, chai bado." Aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Tungalikuwa hatukuambiwa, watoto wangemcheka, na pengine hata sisi wakubwa.

Niliyoyaona katika kikao cha kumkutanisha na mwenye injini nitayakumbuka siku zote. Kikao hicho hakilazimishwi. Mwenye mali huulizwa kwanza kama anataka, na yule mzee wa Igombe alikubali baada ya kukataa mara mbili. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwembe. Kijana wetu alikuwa amefundishwa maneno ya kuanzia lakini yakamkauka kinywani, na mshauri hakumsaidia. Alikiacha kimya kiwe kirefu kuliko tulivyoweza kuvumilia. Mzee ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa unajua kwamba ile mashine ilikuwa ya mkopo?"

"Sikujua, baba."

"Niliilipia mwaka mzima na huku sinayo. Nilirudi kuvua kwa kasia."

Kijana aliinama akalia, na baada ya hapo ndipo maneno ya kuomba radhi yalipotoka, siyo yale aliyofundishwa. Mzee hakumkumbatia wala hakusema yamekwisha. Alimtaka amtengenezee meza ya kupimia samaki, kwa mbao atakazozitoa yeye mwenyewe, na meza hiyo ipo kwake mpaka leo. Nimewasikia watu wakisema vikao vya namna hii ni kumbembeleza mhalifu. Mimi niliyekaa kwenye lile benchi ninasema kwamba kijana wetu alikuwa ameshasimama mbele ya polisi na mbele ya hakimu, lakini alikuwa hajawahi kumtazama usoni mtu aliyeumizwa na wizi wake hadi siku hiyo.

Karakana yenyewe ni banda la mabati lenye meza nne za kufanyia kazi, na mafunzo ni ya siku tatu kwa wiki. Wanaanza na mbao za paini, kwa kuwa mninga ni ghali na mwanafunzi anayeharibu mninga humtia fundi hasara. Fundi mkuu hamruhusu yeyote kugusa misumari mpaka awe amejifunza kuunga miguu ya kigoda kwa tundu na ulimi. Siku niliyokwenda, kijana wetu alikiweka kigoda chake juu ya sakafu ya saruji, akakikandamiza kwa viganja viwili huku akisogeza uzito kutoka mguu hadi mguu, akanitazama bila kusema neno. Hakikutikisika. Nilinunua meza ya jikoni hapo kwa shilingi 85,000. Iliungwa vizuri, imepigwa msasa hadi upande wa chini usioonekana, ila ilichelewa siku nne. Upungufu ninaotaka urekebishwe upesi ni vumbi: vijana wanarandia mbao bila barakoa, na banda halina madirisha ya kutosha.

Kwa nyaraka kituo kilitusaidia kuliko nilivyotarajia. Kijana wetu alizaliwa nyumbani na hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti angesumbuka kupata namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) atakapofikisha miaka 18; bila namba hiyo mtu hawezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lake. Walituongoza kutafuta kadi ya kliniki na barua ya mtaa, wakafuatana nasi kuwasilisha maombi.

Sasa niyaseme yaliyoniumiza, maana kusifia tu kungekuwa ni kuwapotosha wenzangu.

Ufuatiliaji wa kituo ni wa miezi sita, kisha faili hufungwa. Mwezi wa saba, redio ya jirani iliibwa usiku, na kabla jua halijapanda watu walikuwa wamejaa mlangoni kwetu wakimtaka kijana wetu, ambaye usiku huo alikuwa amelala chumba kimoja na kaka yangu. Nilipiga simu kituoni nikaambiwa kwamba jina lake halimo tena katika orodha. Aliyetuokoa ni yule yule mshauri, aliyekuja kwa nauli yake mwenyewe na kusimama na mwenyekiti wa mtaa hadi watu wakatawanyika. Redio ilipatikana baadaye kwa mtu mwingine, na hakuna aliyerudi kutuomba radhi. Nimemweleza msimamizi wa kituo, na hapa ninarudia, kwamba miezi sita ya kwanza mtaa bado unamwangalia kijana kwa macho ya mgeni, na shutuma za kweli huja pale watu wanapomzoea. Mwaka mmoja ungekuwa na maana zaidi, hata kama ziara zingekuwa chache.

La pili ni cheti cha mafunzo. Kituo hutoa karatasi yake yenyewe, na mafundi wanaokijua kituo wakiiona tu wanajua kijana ametokea wapi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti kinachotambulika, na chuo cha VETA Mwanza kiko Nyakato, si mbali. Sioni sababu ya kutowapeleka vijana huko. Vilevile hakuna anayewaeleza kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wakati vijana wa karakana moja waliofikisha umri wangeweza kuunda kikundi.

La tatu ni wasichana. Katika miezi niliyokwenda nilimwona mmoja tu, naye alipewa cherehani pembeni ya banda bila mwalimu. Alikuwa akishona na kufumua kitambaa kile kile. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtaka kila mtoto aliyeingia mikononi mwa sheria asaidiwe kurudi na kushika nafasi yenye manufaa katika jamii, na haukumtenga msichana. Kwa msichana nisingependekeza kituo hiki mpaka hilo litengenezwe.

Kwa mvulana ninakipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti kwamba familia isisubiri siku ya kutoka. Nendeni mapema kwa afisa ustawi wa jamii, naye atawaelekeza. Chukueni barua ya shule au ya mahakama, kadi ya kliniki kama ipo, na namba ya simu ya mtu anayeshinda nyumbani mchana, kwa sababu mshauri hufika mchana. Na akiuliza nani hapendi mtoto arudi, mjibuni kweli, kama alivyofanya wifi yangu, ambaye siku hizi ndiye anayemwekea kijana chakula anapochelewa karakana.