Wati 500 na boksi dogo: besi, amplifaya na spika za kukufaa

Wengi wanaonunua gitaa la besi kwa mara ya kwanza humalizia fedha kwenye gitaa lenyewe, kisha huchukua amplifaya yoyote inayotosha kwa kilichobaki mfukoni. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Gitaa la bei ya kati lililorekebishwa vizuri, likipita kwenye boksi zuri la spika, litasikika besi kweli. Gitaa la kifahari likipita kwenye spika moja ya inchi 8 litasikika kama redio ya mkononi. Ukiuondoa mkono wako mwenyewe, hakuna kinachobadilisha sauti kuliko spika na boksi lake. Nyuzi na pikapu (sumaku zenye koili zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) hufuata. Aina ya mbao na namba ya wati, ambazo ndizo matangazo huzipigia debe, ziko mkiani.

Kwa upande wa magitaa, Fender Precision bado ndiyo ya kupimia nyingine. Ilitoka mwaka 1951, na pikapu yake ya vipande viwili tunayoijua leo ikaja 1957. Nobu moja ya sauti, moja ya toni, basi. Vipande hivyo viwili vimesukwa kinyume, kwa hiyo mvumo wa umeme unajifuta wenyewe. Nguvu yake iko katikati, kati ya besi nzito na sauti kali, na eneo hilo ndilo linalopenya baina ya ngoma na magitaa bila kulazimika kuongeza sauti. Kwa anayepiga kwa vidole na kazi yake ni kushika wimbo na mpiga ngoma, hakuna chaguo salama zaidi. Mpiga besi James Jamerson alipigia rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe laini), na wapigaji bado wanaikimbiza sauti ile. Kasoro ni shingo: pale nyuzi zinapotoka kichwani, matoleo mengi yana upana wa milimita 41 hadi 44, na mkono mdogo huchoka mapema.

Fender Jazz ya 1960 ina shingo ya milimita 38 na pikapu mbili. Ukifungua zote mbili hadi mwisho, mvumo hutoweka. Ukipunguza moja, mvumo hurudi. Huo si ubovu, ndivyo pikapu za koili moja zilivyo. Ukishaujua mtego huo, Jazz inakupa mengi: pikapu zote mbili kwa kuchapa nyuzi kwa gumba, ya karibu na shingo kwa reggae, ya karibu na daraja (kishikizo cha nyuzi mwilini mwa gitaa) kwa mapigo ya haraka ya rumba yanayotakiwa kusikika noti kwa noti. Pikapu ya daraja peke yake ni nyembamba. Itumie ukiwa umesogeza vidole mbele kidogo, vinginevyo uzito wa chini unakwisha.

Music Man StingRay, iliyotoka 1976, ina pikapu moja kubwa ya koili mbili na saketi inayotumia betri ya volti 9. Inang'aa na inapiga kwa nguvu, nzuri kwa gumba na kwa funki. Malalamiko ya miaka mingi ni kwamba uzi wa G, ule mwembamba, husikika dhaifu kuliko mingine. Kushusha pikapu kidogo upande wa uzi wa E, ule mnene, na kuipandisha upande wa G hupunguza tatizo, hakuliondoi.

Kwa bajeti ya wastani, Yamaha TRBX304 na Ibanez SR300E zinashindana vikali, zote zikiwa na shingo ya milimita 38 kwenye kichwa na mwili mwepesi. Ibanez ndiyo rahisi zaidi mkononi: shingo yake ni nyembamba hata kwa unene, na swichi ya pikapu inakupa tabia tatu tofauti. Yamaha imetengenezwa kwa uimara zaidi na sauti yake ya katikati imeshiba. Lakini ina jambo la kuudhi, kwamba saketi yake haizimiki. Betri ikifa katikati ya wimbo, nawe umekufa. Ndiyo maana TRBX504, yenye swichi ya kurudi kwenye sauti isiyotumia betri, inafaa kufikiriwa na yeyote anayepiga jukwaani. Kwa besi zote za betri kanuni ni moja: kuchomeka kebo ndiko kunakowasha saketi. Gitaa likilala na kebo ndani, betri inaliwa usiku kucha. Sauti ikianza kukwaruza pale unapopiga kwa nguvu, badilisha betri kabla ya kulaumu amplifaya.

Urefu wa uzi nao si jambo dogo. Besi ya kawaida ni inchi 34. Fupi, kama Squier Bronco, ni inchi 30. Fupi inamfaa mwenye mikono midogo na mpiga gitaa anayehamia besi, na sauti yake ni ya mviringo, haina makali. Gharama yake ni uzi wa E unaolegea na kuyumba tyuni ukipigwa kwa nguvu. Weka seti nene kidogo, inchi .050 hadi .105, tena iliyotengenezwa kwa urefu huo; seti ndefu iliyokatwa huacha sehemu nene ikijizungusha kwenye kigingi cha kufungia, na uzi hautulii. Ya nyuzi tano ni kesi nyingine: uzi wa B ni Hz 31 (mitetemo 31 kwa sekunde), na kama boksi lako halishughulikii hata Hz 41 za uzi wa E, uzi huo wa tano utakuletea mtikisiko usio na noti. Nunua besi ya nyuzi tano pale nyimbo zinapoidai, na uwe tayari kubadilisha spika.

Kabla ya kulipa, piga kila freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kila uzi, pole pole. Kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7 mara nyingi kuna noti inayokufa haraka kuliko jirani zake. Kidogo inavumilika, ikifa papo hapo acha gitaa hilo. Vaa mkanda na uachie mikono: shingo ikiinama kuelekea sakafuni, mkono wa kushoto utafanya kazi ya kubeba badala ya kupiga, na mkanda mpana hautatibu tatizo lote. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha angalia nafasi juu ya freti ya 7 au ya 8. Iwe kama milimita 0.3. Ikizidi sana, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kukazwa, robo mzunguko kwa wakati, na muuzaji akubali kukijaribu mbele yako, kwa sababu chuma kilichofika mwisho ndicho kasoro ghali kuliko zote. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 17 cha milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayepiga kwa nguvu apandishe kidogo.

Sasa spika, ambako fedha nyingi hupotea.

Wati ukizizidisha mara mbili, unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ongezeko ambalo sikio linaliona lakini halishtuki. Ili sauti isikike kubwa maradufu unahitaji takribani wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 300 hadi 500 ni hatua ndogo mno, ilhali kutoka boksi lenye desibeli 97 kwa wati moja hadi lenye 100 ni sawa na kuongeza amplifaya ya pili. Soma namba hiyo ya usikivu kabla ya namba nyingine. Boksi la pili la aina ileile juu ya la kwanza hufanya zaidi: koni (sehemu ya spika inayosukuma hewa) zikiwa mara mbili na amplifaya ikitoa nguvu zaidi, upande wa chini unaweza kupanda hadi karibu desibeli 6.

Uzito wa chini unagharimu nguvu kwa namna isiyo ya haki. Ukipandisha nobu ya besi desibeli 6, umeiomba amplifaya nguvu mara nne kwenye masafa hayo, na koni inabidi iende mbele na nyuma kwa umbali mkubwa zaidi. Wati zilizoandikwa nyuma ya boksi zinaeleza joto ambalo waya wa koili unalivumilia. Hazisemi koni itafika mwisho wa safari yake lini. Ndiyo maana boksi la wati 400 linaweza kuanza kubweka likipewa 150 tu za masafa ya chini kabisa. Ukisikia mbweko huo, punguza besi kwanza, pandisha kidogo katikati, karibu na Hz 250 hadi 500. Mara nyingi utasikika zaidi kuliko mwanzo. Kichujio kinachokata chini ya Hz 35 au 40 kinafaa kuliko wati 200 za ziada, na ni ajabu amplifaya nyingi hazikiweki usoni.

Mfano bora wa jambo hili ni boksi la Ampeg la spika nane za inchi 10. Amplifaya yake, SVT, ilitoka 1969 ikiwa na wati 300 za vali (mirija ya kioo ya kukuza sauti), na wapigaji wa roki wameiapia tangu hapo. Toleo la SVT-810E ni boksi lililofungwa, na kwenye Hz 58 sauti tayari imeshuka desibeli 3. Kwenye Hz 40 imeshuka 10. Yaani boksi linalosifiwa kwa uzito halifiki chini sana. Linachofanya ni kusukuma hewa nyingi mahali ambapo besi husikika, na kwa kuwa limefungwa, koni hazivuki mipaka yake kwa urahisi zikizidiwa. Ni zuri mno. Pia lina kilo zipatazo 64, na asiye na watu wa kubeba asijidanganye.

Boksi lenye tundu la hewa hufika chini zaidi kwa ukubwa uleule, lakini chini ya masafa ya tundu lake koni hubaki bila breki. Hapo ndipo spika hupasuka, hasa kwa uzi wa B. Kwa mtu mmoja anayejibebea, spika moja ya inchi 12 ya sumaku ya neodimiamu ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Mbili za aina hiyo, moja juu ya nyingine, zinatosha bendi yenye ngoma. Zipange wima. Ukizipanga ubavu kwa ubavu, sauti kali hukusanyika katikati na walio pembeni wanasikia mngurumo. Mbili za inchi 10 zina mwitiko wa haraka na zinamfaa mpiga gumba. Inchi 15 moja si "besi zaidi" kama inavyosemwa. Muundo wa boksi huamua kuliko kipenyo.

Kwa nyumbani, Fender Rumble 40 yenye spika ya inchi 10 na kilo 8 inatosha, na ina tundu la kuunganisha moja kwa moja na mtambo wa ukumbi. Mbele ya mpiga ngoma asiye mpole itazama. Rumble 500, spika mbili za inchi 10 na kilo zisizofika 17, ndiyo ya kuingia nayo bendi: peke yake inatoa wati 350, na 500 kamili zinapatikana tu ukiongeza boksi la nje la omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Wengi hulipia 500 bila kulijua hilo. Kwa anayetaka kichwa pekee, yaani amplifaya isiyo na spika ndani, Markbass Little Mark III ina uzito wa chini ya kilo 3 na inatoa wati 500 kwa omu 4, 300 kwa omu 8. Sauti yake ni safi na ya kweli. Nobu yake ya VPF, inayochimba sehemu ya katikati, hupendeza ukiwa peke yako chumbani. Bendi ikianza, besi inapotea. Iache sifuri.

Kuhusu omu, maboksi mawili ya omu 8 pamoja ni 4, mawili ya omu 4 ni 2. Amplifaya iliyoandikwa isishuke chini ya 4 ikipewa 2, itajizima au itaungua. Ukitarajia kuongeza boksi baadaye, nunua la omu 8 sasa, uvumilie wati pungufu kwa muda. Amplifaya ya vali isiwashwe kamwe bila spika, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti ndiyo hulipa. Na kebo ya gitaa isitumike kati ya amplifaya na boksi, hata kama jeki inaingia: waya wake ni mwembamba, unapata moto.

Boksi la mitumba lijaribu kwa mita: la omu 8 likisoma kati ya 5.5 na 7 liko sawa, la omu 4 lisome kama 3 hadi 3.5. Likisoma bila mwisho, koili imekatika. Sukuma kila koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa; ukisikia mkwaruzo, koili imechomwa au imepinda. Gusisha betri ya volti 9 kwenye kebo ya spika kwa sekunde moja, uone kama koni zote zinaruka upande mmoja. Moja ikirudi nyuma, kuna aliyefungua akaziunganisha kinyume, na boksi hilo limekuwa likijifuta besi yake lenyewe. Kuzigeuza nyaya mbili kunamaliza, kwa hiyo usilikatae, shusha bei. Mwisho piga noti kutoka E ya chini kupanda freti moja moja kwa sauti kubwa. Mtetemo unaotokea kwenye noti moja tu mara nyingi ni skrubu ya mpini au wavu wa mbele uliolegea. Unaotokea kwenye noti zote za chini ni gundi ya boksi au ukingo wa koni, na hapo ondoka.