Programu ya kuediti picha: kabla hujalipa, uliza kazi yako inalala wapi

Msomaji mmoja wa Jinja kaniandikia kwa hasira, hela ya mwezi ilimkosa, programu ikajifunga, sasa picha za harusi ya dada yake anaziona tu lakini hawezi kuendelea kuziediti. Mwingine wa Kampala kauziwa kitu cha bure, huyo nitamfikia.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala preseti wala nani ana AI nyingi, hizo YouTube imejaa. Nataka tuulizane kitu kimoja, ukishavuta zile slaida za mwanga na rangi kazi yako inahifadhiwa wapi? Maana programu hizi haziigusi faili ya RAW yenyewe (picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera), zinaandika maelekezo pembeni. Maelekezo yakikaa kwenye kifaili kidogo kando ya picha, ukihamisha folda yanahama nayo, basi. Yakikaa yote ndani ya katalogi moja, yaani faili moja kubwa la kumbukumbu za picha zako zote, siku umeme unakatika katikati ya kazi na betri ya laptopu ilishakufa zamani (nani hapa hana laptopu ya hivyo?) katalogi inaweza kuharibika, na kama hukuwa na bakapu, banange, utalia.

Namba moja kwangu ni DxO PhotoLab ya Wafaransa na sifichi kwamba naipenda. Unalipa mara moja, toleo lako ni lako hata usiponunua lijalo, na kila picha inapata kifaili chake cha .dop palepale kwenye folda. Halafu kuna DeepPRIME, ile ya kuondoa chenga, ukipiga sherehe ya usiku kwenye taa mbovu na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iko juu huko, unarudishiwa picha ya watu wenye ngozi, sio ya unga. Shida ni kwamba inataka kompyuta yenye kadi ya grafiki ya maana, na bei yake inapita dola 200, yaani unaongelea laki nane na kitu za Uganda. Inauma, ndiyo.

Namba mbili Lightroom Classic. Ni rahisi kujifunza, masomo yako kila mahali, lakini tangu 2017 Adobe hawatoi tena toleo jipya la kununua moja kwa moja, na mpango wa dola 9.99 waliufungia wateja wapya Januari 2025. Soma vizuri pale pameandikwa mwaka mzima unaolipwa kila mwezi, ukitoka katikati kuna ada, mpaka serikali ya Marekani iliwashtaki Juni 2024, kesi iliyoanzia kwa tume yake ya biashara FTC, ikisema hiyo ada imefichwa. Ukiacha kulipa, Develop, ile sehemu ya kuediti, inafungwa, unabaki kutazama na kutoa nakala. Ukiichukua, ingia kwenye settings uwashe kuandika XMP, ndicho kile kifaili kidogo cha kando ya picha, maana yenyewe inakuja imezimwa.

Za bure: darktable, inaandika XMP kando ya picha, ngumu mwanzoni. GIMP peke yake haifungui RAW. Snapseed ni ya simu. Tusonge.

Sasa yule wa Kampala. Kaenda kwa fundi, kawekewa darktable, kalipishwa laki moja "ya laisensi". Laisensi gani? Kitu ni bure duniani kote! Ukimuuliza fundi anasema ni bando, sawa, bando ni ghali, tangu Julai 2021 serikali inakata asilimia 12 kwenye data, lakini hata ungeidaunlodi mara ishirini haifiki laki. Na wale wanaouza kwenye flashi Photoshop iliyovunjwa ulinzi ndio wabaya zaidi, wanakuambia uzime antivirasi kwanza na watu wanazima kweli.

Kabla hujatoa hela yoyote chukua jaribio la bure, editi picha moja, kopi folda nzima kwenye flashi, ifungue kwa kompyuta ya rafiki yenye programu hiyohiyo. Ikifika bila editi zako, anza kuuliza maswali.