Dodoso la PHQ-9 kwa wagonjwa wa Huntington: tathmini kutoka Moshi

Kwa kliniki za Moshi zenye foleni ndefu tunalipendekeza dodoso hili la kupima sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa): maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Ila kwa mgonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, alama hupotosha kirahisi. Usingizi mbovu, uchovu, hamu ya kula kubadilika na kushindwa kutulia huletwa pia na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo andika alama ya kila swali, si jumla tu, ulinganishe na hudhurio lililopita.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mgonjwa mara nyingi hatambui mabadiliko yake. Akikana kila kitu, muulize, kwa ridhaa yake, ndugu aliyefuatana naye kutoka Rombo au Marangu. Kukosa msukumo bila huzuni ni jambo jingine, si sonona.

Swali la 9, la kujidhuru, tafadhali lisisomwe harakaharaka! Jibu lolote zaidi ya 0 linataka mazungumzo siku hiyohiyo, kabla mgonjwa hajapanda daladala. Anayetumia tetrabenazini, dawa ya kupunguza miondoko isiyo ya hiari, apimwe tena dozi inapopandishwa, maana dawa hiyo yaweza kuleta sonona.