Uzoefu wangu: kuivalisha Honda XR400R seti ya taa ili iingie barabarani

Hatua ya tatu kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti ilisema: unganisha waya mwekundu kwenye betri. Niliisoma mara mbili, nikafungua kiti, nikachungulia. Honda XR400R, pikipiki ya porini, haina betri, na haijawahi kuwa nayo tangu kiwandani. Unapiga kiki, plagi inapata moto kutoka kwenye koili yake, taa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye stata (koili za kuzalisha umeme ndani ya injini), biashara imeisha. Na tangazo lilikuwa limeandika kwamba seti inafaa pikipiki zote.

Jina la waliotengeneza seti sitalitaja, maana nimeona nyingine tatu zenye vifaa vilevile kwenye maboksi ya rangi tofauti. Ndani kulikuwa na taa ya mbele na kava lake, indiketa nne za LED, taa ya nyuma yenye breki, honi, swichi ya mkono wa kushoto yenye fulu, dimu, indiketa na honi, swichi mbili za breki, flasha (kifaa cha kupepesa indiketa), na fungu la waya lililokwisha kufungwa tepu. Ukiyatandaza sakafuni unaona kazi imeisha. Kumbe hiyo ni robo.

Kabla sijanunua chochote nilifanya jambo moja la busara, na ni hilo peke yake: nilianza na karatasi. Pikipiki nyingi za porini huuzwa na hati inayosema ni kwa matumizi ya nje ya barabara, na kuna sehemu ambako maneno hayo hayafutiki hata uivalishe taa za ndege. Kwingine inatosha kupeleka pikipiki ikaguliwe, namba ya chesisi isomeke vizuri na ilingane na hati, kisha unapewa namba za usajili. Nilikwenda kwa wanaokagua na daftari, nikaandika kila wanachoangalia. Niliuliza pia bima, kwa sababu bima inaweza kukataa pikipiki iliyobadilishwa hata kama ukaguzi imepita. Nilipoona njia ipo, ndipo nikafungua pochi.

Sasa umeme, ambao ulinila wikendi tatu.

Stata ya XR400R inatoa umeme wa AC, ule unaogeuza mwelekeo kila mara. Ncha moja ya koili ya taa imeunganishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki, ncha nyingine ndiyo inayokwenda kwenye taa. Kwa balbu ya kawaida hilo halina shida: inang'aa ukiongeza mafuta, inafifia ukiachia. Lakini betri haichajiwi na AC, LED zinapepesa, na honi ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja) inatoa sauti ya mbu aliyenaswa kwenye chupa. Nilijaribu, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Dawa yake ni rektifaya regyuleta, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC na kudhibiti volti, ile inayotumia mawimbi yote mawili ya AC, na hiyo haifanyi kazi sawasawa mpaka koili ya taa iachane na bodi. Maana yake unafungua kifuniko, unatoa stata, unaitafuta ile ncha iliyolehemiwa kwenye chuma, unaibandua taratibu, unailehemu waya mpya na kuutoa nje sambamba na mwenzake. Sasa una waya mbili zinazokwenda kwenye rektifaya, na hakuna hata moja inayogusa chesisi. Waya wa koili ni mwembamba na umepakwa vanishi. Ukiuvuta kwa hasira unakatika ndani kabisa, na hapo unamtafuta fundi wa kusuka mota. Mimi nilipumua, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Ulitoka mzima. Hakikisha una gasketi mpya ya kifuniko kabla hujaanza, maana ya zamani itabaki nusu huku nusu kule.

Koili inayowasha plagi usiiguse. Haihusiani na taa, na kwa kuwa inajitegemea, betri ikifa porini bado unapiga kiki na kurudi nyumbani.

Betri niliyoweka ni ya volti 12, ndogo, ya 4Ah, kwenye kisanduku nilichokikunja kwa bati na kukifunga kwenye fremu nyuma ya kifuniko cha pembeni. Fyuzi iko karibu kabisa na betri. Seti haikuwa na fyuzi. Hilo ndilo lililonikera kuliko hata hatua ya tatu, kwa sababu waya wa pikipiki ya porini unasuguliwa na fremu kila siku, na siku ganda linapotoboka, kinachokuokoa ni fyuzi.

Kisha nikawasha kila kitu na kushika multimita. Balbu ya mbele iliyokuja na seti ni ya halojeni ya wati 55 na 60. Piga hesabu: wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5 kwa taa hiyo moja, kabla hujagusa breki wala indiketa. Injini ikiunguruma taratibu bila kuongeza mafuta, betri ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu, ikafika volti 11.9. Stata ya pikipiki hii ilitengenezwa kulisha taa ndogo ya kukutoa msituni giza likiingia, si kuendesha gari la harusi. Njia ni mbili: kusuka stata upya itoe zaidi, au kupunguza walaji. Nilipunguza walaji. Nikaitoa ile taa nzima na kuweka taa ya LED yenye kioo na kava lake. Usichomeke balbu ya LED ndani ya kava la halojeni: mwanga unatawanyika na kumpofua anayekuja mbele, na sehemu nyingi wakaguzi wanaikataa. Angalia kioo kina alama inayotambulika ulipo, iwe herufi E ndani ya duara au herufi DOT. Baada ya hapo, kwenye mzunguko wa kati wa injini, nilisoma volti 13.9. Nilikaa pale nikiitazama namba hiyo kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

Indiketa zilinichekesha halafu zikaniudhi. Flasha ya zamani inategemea mzigo wa balbu. LED hazina mzigo wa maana, kwa hiyo zinawaka haraka kama zina homa au zinawaka moja kwa moja bila kupepesa. Inayotakiwa ni mipepeso kati ya 60 na 120 kwa dakika. Flasha ya seti, nashukuru, ilikuwa ya elektroniki na ilihesabu sawa. Lakini nikiwasha kushoto, zilikuwa zinawaka zote nne! Nilikagua kila kiungo, nikamlaumu kila mtu, mpaka nikafuata waya za kile kitaa kidogo cha kijani cha kwenye usukani. Kitaa ni kimoja, na kimefungwa katikati ya upande wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kitaa kwenda kulia kutafuta bodi. Kwa balbu za zamani umeme huo hautoshi kuwasha kitu, ila LED zinaridhika na kidogo sana. Suluhisho ni dayodi mbili (zinaruhusu umeme upite upande mmoja tu), moja kila upande, na kitaa kupewa bodi yake. Dayodi mbili ndogo kama punje za mchele, na jioni nzima ya maisha yangu.

Swichi za breki ni za presha: unatoa ile bolti yenye tundu inayoshika bomba la breki, unaweka yenye swichi ndani. Ya mbele inafanya kazi vizuri. Kumbuka ukifungua hapo umeingiza hewa, kwa hiyo unatoa hewa breki nzima na kuweka mafuta mapya. Ya nyuma ilikuwa mvivu, taa haiwaki mpaka ukanyage kwa nguvu za kusimama ghafla. Ukaguzi wa kwanza ulinirudisha kwa hilo hilo, na mkaguzi hakuwa na makosa, maana anayekufuata nyuma anataka kujua unapoanza kupunguza mwendo. Niliitupa, nikaweka swichi ya kuvutwa kwa springi, ile ya pikipiki za kawaida, nikaifunga kwenye pedali. Inapata matope, naisafisha, inaendelea. Siku hiyo hiyo walinidai pia taa ya kumulika namba, ambayo seti haikuwa nayo.

Vioo, honi, na mita ya spidi ya sumaku kwenye gurudumu la mbele havikunisumbua. Vioo chukua vya kukunjwa. Nikienda porini navikunja ndani, kwa sababu kioo kisichokunjwa kinavunjika ukianguka, na pengine kinavunja kitu chako pia.

Tairi sikuzitarajia kuwa hadithi. Zilizokuwepo zilikuwa na meno marefu na ubavuni zimeandikwa wazi kwamba si za barabarani. Nilinunua za enduro, za porini lakini zilizoidhinishwa kwa barabara, 21 mbele na 18 nyuma kama za mwanzo. Kwenye lami yenye unyevu meno yanajikunja chini yako na pikipiki inayumba kidogo kwenye kona; unazoea, ila usijidanganye kwamba umepanda pikipiki ya mbio. Upepo nao una mambo yake. Porini nilikuwa naweka psi 12 hadi 14, kwenye lami napandisha mpaka 22. Na kile kifungio cha tairi ndani ya rimu, kinachozuia tairi isizunguke peke yake ukiwa na upepo mdogo, ni kizito upande mmoja. Ukifika kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kugonga viganja. Nilifunga vipande vya madini ya risasi kwenye spoku za upande wa pili mpaka gurudumu likatulia.

Sproketi nilikuja kuzigusa mwisho na ningezigusa mwanzo. Pikipiki yangu ilikuwa na meno 15 mbele na 45 nyuma. Tamu kwenye mlima, lakini barabarani injini inapiga kelele kama inadai mshahara. Nikaweka 42 nyuma. Hiyo inashusha mzunguko wa injini kama asilimia 7 kwa mwendo uleule, na inatosha kukufanya uache kutafuta gia ya sita ambayo haipo. Nilitoa pingili mbili kwenye cheni. Milima mikali sasa inataka klachi zaidi, na nimekubali.

Injini yenyewe imevumilia. Ni ya 397cc, inapozwa na hewa, mafuta yake yanakaa ndani ya fremu, na Honda waliiuza kuanzia 1996 mpaka 2004 bila kuibadilisha sana. Kwenye foleni ndefu inapata joto. Nikiona imesimama muda mrefu nazima. Ningekuwa na pikipiki ya mashindano, zile zinazobeba mafuta kidogo na kudai yabadilishwe kwa kuhesabu saa za injini, nisingeanza kazi hii. Kilomita za lami zinazila kimyakimya, na unaishia kufungua injini kila msimu.

Kwa hiyo seti nitaipa alama gani? Mbili kwa tano. Swichi ya mkononi ni nzuri kuliko nilivyodhani, taa ya nyuma haijaingiza maji, flasha ni sahihi, honi inasikika. Waya ni nyembamba, viungo havizuii maji na nimevibadilisha karibu vyote, hakuna fyuzi, hakuna rektifaya, na balbu ya mbele haielewani na stata ya pikipiki inayosemwa inafaa. Kama pikipiki yako tayari ina betri na kuchaji kwa DC, pengine utaipa nne. Kwa pikipiki ya kiki kama yangu, nunua kimoja kimoja: rektifaya kwanza, betri na fyuzi, taa ya LED kamili, kisha vidogo.

Na ukiniuliza kama ni afadhali kununua iliyokamilika, jibu ni ndiyo kwa watu wengi. Suzuki walikuwa na DR-Z400S iliyotoka kiwandani na indiketa zake, Honda wenyewe walitoa XR650L kuanzia modeli ya 1993. Unaweka ufunguo unaondoka. Mimi nilikuwa na XR tayari, naipenda, na nilitaka kuacha kuibeba kwenye gari kila ninapokwenda kucheza. Sasa natoka nayo nyumbani, naendesha lami kama saa moja, nashusha upepo, nakunja vioo, naingia njia ya vumbi. Jumapili iliyopita nimevunja indiketa ya nyuma kushoto kwenye jiwe. Ni ya pili. Za kuweka sasa ni zile zenye shingo ya mpira.