Uzoefu wangu: seti ya kusafishia lenzi kwenye kamera za ulinzi kiwandani

Seti hii ina mpira wa kupulizia hewa, brashi laini, vitambaa vya maikrofaiba na chupa ya pombe ya isopropili ya asilimia 99. Vitatu vya mwanzo navisifu bila kusita. Chupa, hapana, si kwa kila kamera: inafaa kioo tu, na maelekezo ya kwenye boksi hayasemi hivyo.

Vumbi la saruji au la chuma ni chembe ngumu. Ukilifuta likiwa kavu, unaisugua lenzi kwa msasa. Ndiyo maana napuliza kwanza, kamera ikitazama chini ili vumbi lidondoke, kisha brashi, halafu kitambaa. Mpira huo mdogo unatosha. Hewa ya kompresa huja na matone ya maji na mafuta.

Kioo kikiwa na mafuta, pombe idondoshwe kwenye kitambaa, matone mawili matatu, isipuliziwe kwenye kamera maana itapenya ukingoni. Futa kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, ukigeuza kitambaa kila mara. Pombe ya asilimia 70 hukauka polepole na huacha michirizi.

Kamera za kuba, zile zenye kifuniko cha nusu mpira mbele ya lenzi, ni habari nyingine. Kuba la plastiki ya akriliki likiguswa na pombe huweza kupata nyufa ndogondogo, na la plastiki ya polikaboneti huharibiwa na amonia na asetoni, kwa hiyo hata dawa ya kusafishia madirisha iache. Tumia maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, suuza kwa maji yasiyo na chumvichumvi, kausha kwa kugusagusa. Seti ingekuja na kimiminika cha pili kwa ajili hiyo, ningeipa alama zote.

Ukifungua kuba, badilisha pakiti ya silika jeli inayofyonza unyevu na ufute mpira wa kuzuia maji. Chembe moja ya mchanga hapo inatosha kuingiza unyevu. Hakikisha pia sponji inayozunguka lenzi imegusa kuba vizuri. Ikihama, mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huutumia kuona gizani, hurudi ndani ya lenzi, na picha ya usiku huwa na ukungu mweupe ilhali ya mchana ni safi kabisa. Wengi hapo hudhani kamera imekufa.

Vitambaa vifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo. Huacha utando wa mafuta ambao taa za infraredi huuonyesha usiku huohuo.