Pesti ya paipu ya siti ya kaboni: ipi ununue

Paipu ya kaboni inayobeba siti ya baiskeli ikianza kushuka kidogo kidogo ukiwa njiani, usikimbilie kuongeza kukaza bolti. Chuma hujikunja kwanza, lakini kaboni hupasuka bila kukuonya, na mara nyingi ufa huanzia chini ya kola, ile pete inayobana paipu kwenye fremu. Unachohitaji ni pesti ya kaboni. Ukiisugua kati ya vidole utasikia chembe ngumu ndani ya jeli. Hizo chembe ndizo zinazoongeza msuguano, paipu ikashika bila bolti kuminywa kupita kiasi.

Nimezipanga kwa kumfikiria mwenye baiskeli moja au mbili nyumbani.

1. Finish Line Fiber Grip. Tyubu ya gramu 50, na kwa matumizi ya nyumbani itakaa miaka. Inafaa kaboni kwa kaboni na hata kaboni kwa aluminiamu, hivyo utaitumia pia kwenye usukani na stemu (kipande kinachoushika usukani). Kwangu hii ndiyo ya kununua.

2. Ritchey Liquid Torque, pakiti ya gramu 5. Inatosha kabisa kwa paipu moja. Kabla ya kulipa, chungulia boksi la fremu au paipu mpya, maana watengenezaji wengi huweka kipakiti cha pesti humo.

3. Muc-Off Carbon Gripper, gramu 75. Kazi ni ileile. Ichukue kama ndiyo iliyopo dukani.

4. Park Tool SAC-2, gramu 113. Nimeiweka chini kwa sababu ya ukubwa tu. Fundi anayehudumia wateja kila siku aanze na hii.

Grisi ya kawaida haimo kabisa. Ni nzuri kwa paipu ya chuma ndani ya fremu ya chuma, lakini kwenye kaboni inateleza, nawe utajikuta unakaza na kukaza.

Hela ikibaki, nunua spana ya kupima mkazo kabla ya kitu kingine chochote cha baiskeli. Park Tool ATD-1.2 inarekebishwa kuanzia Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo) 4 hadi 6, na kola nyingi za siti zinaangukia humo. Soma kikomo cha mkazo kilichoandikwa kwenye paipu na kile cha kola. Vikitofautiana, fuata kilicho kidogo.

Kufunga kwenyewe kunataka utulivu. Futa grisi yote ya zamani kwa spiriti, ndani ya fremu na kwenye paipu, uache vikauke. Paka pesti nyembamba sehemu itakayoingia ndani. Legeza kola kabisa, kisha shusha paipu wima bila kuizungusha, kwa kuwa ukiizungusha chembe zile zitaikwaruza. Mstari wa kina cha chini kabisa uliochorwa kwenye paipu lazima uzame ndani ya fremu. Kaza kuanzia Nm 4, kaa juu ya siti kwa uzito wako wote, na ikishuka ongeza nusu Nm bila kuvuka kikomo. Nyuzi za bolti zipake grisi, pesti isizifikie.

Zungushia utepe paipu inapoingilia kwenye fremu ili uone kama inashuka, ukaendeshe. Ikiwa bado inashuka na mkazo ni sahihi, ipime unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo). Paipu ya milimita 27 ndani ya fremu ya milimita 27.2 haitashikwa na pesti yoyote kati ya hizi, badilisha paipu.