TAHADHARI: Anayeuza madishi ya Starlink (intaneti ya setilaiti) Ngamiani na Pongwe ni TAPELI

Jamani watu wa Tanga, nimelizwa Sh 1,400,000, na ilikuwa zamu yangu ya kikoba. Mume wangu amejua jana tu.

Pale dukani kwangu, ninapojazia wateja fomu, mtandao unasumbua sana. Huyu kaka alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu imenyooka, dishi na ruta vimo kwenye boksi lake. Akampa mama shikamoo. Akapanda mwenyewe juu ya bati, akalisogeza mara tatu kukwepa minazi ya jirani, maana likizibwa na majani halishiki vizuri. Baada ya muda simu yangu ikashika. Nikafungua video, haikukwama hata kidogo. Nikafungua fomu ya mkopo wa chuo ya mtoto wa mteja, ile iliyonitoa jasho wiki nzima, ikapita! Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mimi sikutumiwa picha ya WhatsApp, nilikiona kitu kinafanya kazi kwa macho yangu. Tena aliyemleta ni yule mama wa vitumbua, anasema ni shemeji yake. Nikamhesabia hela mezani.

Siku ya 23, kimya. Dishi linawaka, intaneti hamna. Nampigia, ananiambia, "Dada, akaunti imefungwa Kenya, tuma laki 2 na nusu niifungue." Nikatuma. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote. Intaneti haikurudi. Nikamwambia naenda polisi, akanijibu, "Nenda, ukawaeleze dishi lilipitaje mpakani Horohoro." Kisha akanifungia namba.

Kijana mmoja fundi kompyuta ndiye aliyenifumbua macho. Dishi limesajiliwa Kenya, ambako huduma ipo tangu Julai 2023, kwa akaunti ya huyo mwizi. Asipoliachia yeye, mimi siwezi kulisajili kwa jina langu hata nikilala nalo. Na hata angekuwa mwaminifu, kwa masharti ya Starlink dishi likikaa nje ya nchi yake zaidi ya miezi 2 linaweza kukatwa. Kwetu Tanzania leseni ya Starlink ilikuwa haijatoka, ndiyo maana anatamba. Anajua tutaogopa kusema. Wenzangu wawili wameshanifuata pembeni, wamepigwa vilevile, wote wameapa hawaendi kituoni. Mimi nimeenda, na nimeandikisha maelezo.

Dalili zilikuwepo. Nilimwomba imeili ya akaunti, akasema ataniunganishia mwenyewe. Risiti hakutoa. Basi.

Mtu huyu asipewe dhamana! Arudishe hela za kikoba, zile ni jasho la wanawake 15, wengine wanauza dagaa. Afungwe, na anayempokelea mzigo mpakani afungwe naye.

Jana jioni kaonekana stendi ya Kange, na boksi jingine mkononi.